Mtaji wa mfanyabiashara usiliwe na video fupi

Hakuna kitendea kazi kinachomfaa mfanyabiashara wa mpakani leo kuliko simu yake. Kwa simu anauliza bei ya mahindi, vitunguu au vitenge ng'ambo ya pili kabla hajalipa nauli. Kwa simu anapokea malipo, anamtafuta dereva, anampigia wakala wa forodha na kumtuliza mteja anayesubiri mzigo. Kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Mutukula, Rusumo na Tunduma, simu imekuwa duka, benki na posta kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jambo lolote linaloipunguzia simu manufaa yake ya kazi linagusa mtaji moja kwa moja. Jambo hilo lipo, tena limo ndani ya simu hiyohiyo. Ni video fupi za sekunde 15, 30 au 60, zinazofuatana moja baada ya nyingine bila mwisho. Mtu hufungua simu aone kama fedha zimeingia. Anakutana na kichekesho, kisha ngoma, kisha ugomvi wa wasanii, kisha mapishi. Anapoinua macho, nusu saa imekwisha na mteja aliyekuwa amesimama mbele ya meza amehamia kwa jirani.

Tabia hii imezoeleka kiasi kwamba haionekani tena kuwa tatizo. Inafaa itazamwe upya kwa jicho la mfanyabiashara, yaani kama gharama. Gharama hupimwa, huandikwa na hupunguzwa. Hakuna anayetaka simu itupwe, wala hakuna anayemnyima mtu kicheko baada ya kazi. Kinachotakiwa ni simu irudi kazini wakati wa kazi, na burudani ipewe saa yake.

Hesabu isiyoandikwa daftarini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wengi huandika nauli, ushuru wa soko, malipo ya wabeba mizigo na hata chai ya kijana wa dukani. Muda unaokwenda kwenye video hauandikwi popote, na ndiyo sababu hasara yake haisikiki.

Chukua mfano wa mtu anayetazama video kwa saa mbili kwa siku, ukijumlisha dakika kumi za hapa na robo saa ya pale. Kwa siku sita za kazi, hizo ni saa 12 kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 52 zinakuwa saa 624. Siku ya kazi ikihesabiwa kuwa ya saa nane, mtu huyo ametumia siku 78 za kazi, ambazo ni wiki 13 au robo nzima ya mwaka. Hata kama nusu ya muda huo ulikuwa wa jioni baada ya soko kufungwa, bado zinabaki siku 39. Hakuna mwenye kibanda anayeweza kukubali kukifunga kwa siku 39 bila msiba wala ugonjwa.

Gharama ya pili ni ya bando. Ujumbe wa maandishi, hata ukiwa mrefu, hutumia data kidogo mno. Video hutumia mara nyingi zaidi, na programu nyingi huanza kupakua video inayofuata kabla mtazamaji hajaifikia. Matokeo yake ni kifurushi kilichonunuliwa kwa ajili ya wiki nzima kukatika katikati ya wiki, tena saa ambayo mwenye mzigo anahitaji kupokea picha ya stakabadhi au kuthibitisha bei. Anayevuka mpaka ana mzigo wa ziada, kwa kuwa hulazimika kuwa na laini mbili au tatu na kulipia bando katika kila nchi. Chaji nayo hufuata njia hiyohiyo. Simu iliyotazamwa asubuhi nzima huzima alasiri, wakati ambapo wateja wa mbali hutuma malipo.

Gharama ya tatu ni usingizi. Msemo wa sokoni unasema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Magari ya mazao hufika alfajiri, na anayechelewa hukuta bidhaa nzuri zimeshachaguliwa. Aliyelala saa saba za usiku akiwa na simu usoni huamka akiwa amechoka, hununua kwa haraka na huuza kwa hasira. Kwa dereva wa lori jambo hili ni zito zaidi. Anayekesha na video kwenye foleni ya mpakani, kisha akashika usukani alfajiri, anahatarisha mzigo, maisha yake na ya wengine barabarani.

Kwa nini kidole hakisimami

Si haki kuwaita watu wavivu au wasio na msimamo. Wanawake wanaobeba mizigo juani, vijana wanaosukuma mikokoteni na madereva wanaokesha njiani hawawezi kuitwa wavivu. Video hizi zimetengenezwa kwa makusudi ili zinase, na anayeelewa mtego ulivyotegwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuukwepa.

Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari redioni ina muda wake. Soko lina saa ya kufungwa. Mwaka 2006 mbunifu wa programu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa wa mtandaoni unaojiongeza wenyewe kadiri mtu anavyoshuka chini, bila kumtaka abofye ili aendelee. Baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake kwa jinsi ubunifu huo ulivyotumika. Kilichoondolewa ni kile kituo kidogo ambapo mtu hujiuliza kama aendelee au aache.

Mtindo huo ulipokutana na video fupi, nguvu yake iliongezeka. Kampuni ya China ya ByteDance ilizindua Douyin nchini mwake mwaka 2016, kisha TikTok kwa nchi nyingine. Mwaka 2018 iliunganisha TikTok na programu nyingine ya video, Musical.ly. Instagram ilianzisha Reels mwaka 2020, na YouTube ikasambaza Shorts duniani mwaka 2021. Ndani ya miaka michache, mtindo uleule uliingia kwenye programu ambazo wafanyabiashara walikuwa tayari wanazitumia kutafuta wateja. Ndiyo maana anayefuta programu moja tu hujikuta amerudi kulekule kupitia mlango mwingine.

Kanda hii haiko mbali na wimbi hilo. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliitaja Kenya miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa matumizi ya TikTok kati ya zile ilizozichunguza. Anayepita katika kituo chochote cha basi karibu na mpaka haoni tofauti kubwa kwa majirani.

Jambo jingine ni bahati nasibu iliyofichwa ndani yake. Katikati ya karne iliyopita, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alifanya majaribio kwa njiwa. Njiwa aliyepewa chakula mara mojamoja, bila mpangilio wa kutabirika, aliendelea kudonoa kitufe kwa kasi, na hakukata tamaa upesi hata chakula kilipokoma. Kamari huendeshwa kwa siri hiyohiyo, na video fupi nazo hali kadhalika. Tatu za kwanza zinachosha, ya nne inachekesha, tano zinazofuata hazina maana, ya kumi inagusa moyo. Kwa kuwa mtu hajui ile nzuri itakuja lini, anaendelea kusukuma kidole. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Juu ya hayo, programu haihitaji kumuuliza mtu anapenda nini. Inapima ameganda kwenye video gani, ameirudia ipi na ameiruka ipi, kisha inampangia nyingine kwa kipimo hicho. Huko muda wa mtazamaji ndio bidhaa. Kadiri anavyokaa, ndivyo matangazo mengi zaidi yanavyouzwa. Mfanyabiashara anapaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anajua kwamba katika kila biashara yupo anayeuza na yupo anayenunua. Anayetazama bila kikomo anadhani amepewa kitu cha bure, kumbe yeye ndiye aliyewekwa mezani.

Mpakani, kupoteza umakini ni ghali zaidi

Mtu wa ofisini akipotea kwenye simu kwa dakika kumi, kazi humsubiri. Mpakani mambo hayasubiri. Siku moja mfanyabiashara anaweza kushika shilingi za Kenya, za Uganda na za Tanzania, faranga za Rwanda, za Burundi au za Kongo, na dola za Marekani. Kila fedha ina kiwango chake cha kubadilisha na idadi yake ya sifuri. Kati ya noti ya Uganda ya 5,000 na ile ya 50,000 kuna tofauti ya sifuri moja tu kwa jicho lililochoka, lakini faida ya safari nzima inaweza kupotelea hapo. Anayehesabu fedha huku jicho moja liko kwenye video amempa nafasi kila mwenye nia mbaya.

Ndivyo ilivyo kwenye mizani, ambapo gunia hupimwa mara moja na ubishi baada ya hapo haumrudishii mtu kilo zake. Ndivyo ilivyo pia kwenye malipo ya simu. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa fedha kuingia, na anayetaka kurudi upesi kwenye video yake hausomi hadi mwisho. Kuangalia salio kwanza ni kazi ya sekunde chache, nayo imewaokoa wengi.

Karatasi nazo zinataka utulivu. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, ila hakiondoi kodi nyingine wala vibali vya afya ya mimea na mifugo. Wapo wanaotozwa wasichopaswa kulipa, au wanaokimbilia njia za panya, kwa kutolijua jambo hili tu. Saa moja ya kuusoma utaratibu huo na kumuuliza afisa maswali ina faida kuliko mamia ya video.

Halafu kuna habari zenyewe, zile zinazobadili bei kwa usiku mmoja. Mwezi Juni mwaka 2019 Kenya ilitangaza noti mpya na kuweka Septemba 30 ya mwaka huo kuwa mwisho wa matumizi ya noti za zamani za shilingi 1,000. Waliokuwa wameweka akiba ya noti hizo upande wa pili wa mpaka walihitaji kuijua tarehe hiyo mapema. Mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu uingizaji kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha kiwango cha sumu hiyo. Aliyezipata habari hizo kwa wakati alisimamisha lori kabla halijapakia. Aliyechelewa alikwama foleni na magunia yake.

Mtu anaweza kusema kwamba habari kama hizo nazo hupatikana kwenye video. Ni kweli zipo, ila hufika zimechanganywa na uvumi, picha za miaka iliyopita na maneno ya watu wanaotafuta watazamaji. Video ya sekunde 30 inayodai mpaka umefungwa haisemi ni mpaka upi, kwa amri ya nani, kuanzia lini. Anayepanga safari kwa kuitegemea anaweza kuacha mzigo mzuri uoze, au kukimbilia soko lililokwisha kujaa.

Lipo pia suala la watoto. Mama mwenye meza sokoni hana wa kumwachia mtoto, na simu imegeuka yaya. Mtoto hunyamaza na mama huuza. Hakuna sababu ya kumlaumu mama huyo, kwa sababu masoko mengi ya mpakani hayana mahali pa kulea watoto. Lakini mtoto anayezoea kutulizwa kwa video tangu asubuhi hadi jioni hulia anaponyang'anywa simu, na mama hubaki bila simu wakati mteja anapiga. Hapo familia inalipa mara mbili.

Kuuza kwa video si kutazama video

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Video fupi zimewafungulia milango wafanyabiashara wadogo. Mwenye duka la vitenge au viatu Kariakoo anaonyesha mzigo mpya asubuhi, na mteja wa Bujumbura au Lubumbashi anauona kabla ya adhuhuri. Msusi, fundi cherehani na muuza dagaa wote wameweza kutangaza bidhaa zao bila kulipia redio. Wengine wamejifunza kwa video namna ya kuhifadhi nafaka, kufungasha mchele au kutunza hesabu.

Hoja hiyo ni sahihi kwa anayeweka video ya bidhaa yake. Haimtetei anayetazama za wenzake mchana kutwa. Kuweka video ya bidhaa kunahitaji dakika chache, na kujibu maswali ya wateja kunahitaji saa inayojulikana. Tatizo huanzia pale mtu anapoingia kuweka tangazo lake, kisha akabaki humo. Muuzaji aliyepeleka mzigo mnadani hakai kutazama minada ya wengine hadi jua lizame. Hushusha, huuza, hupokea fedha na kuondoka.

Kipimo ni rahisi. Mwisho wa wiki mfanyabiashara ajiulize ni wateja wangapi walikuja kupitia video zake, na ni saa ngapi alizotumia humo. Jibu likiandikwa katika daftari lilelile la mauzo, ukweli utajionyesha wenyewe.

Hatua zinazowezekana

Ahadi ya kuacha ghafla aghalabu haidumu. Kinachosaidia ni kuweka vizuizi vidogo kati ya kidole na video, ili mtu apate tena kile kituo cha kujiuliza.

Hatua ya kwanza ni kupima. Simu nyingi za sasa, katika mipangilio yake, zina sehemu inayoonyesha muda uliotumika kwa kila programu kwa siku. Wengi hushtuka wanapoiona kwa mara ya kwanza. Sehemu hiyohiyo huruhusu kuweka kikomo, kwa mfano dakika 30 kwa siku, na programu hujifunga muda ukiisha. Kikomo hicho kinaweza kuondolewa na mwenye simu, lakini kule kulazimika kukiondoa humkumbusha.

Hatua ya pili ni kuzima arifa. Ziachwe za simu zinazopigwa, ujumbe wa wateja na malipo. Kengele ya video mpya haina sababu ya kulia katikati ya kuhesabu magunia. Programu za video ziondolewe kwenye ukurasa wa mbele wa simu, na siku za mnada au za safari zifutwe kabisa. Zinaweza kurudishwa siku ya mapumziko.

Hatua ya tatu ni kutenganisha simu. Wafanyabiashara wengi tayari wana simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa kitochi Tanzania au kabambe Kenya. Simu hiyo hupiga, hupokea na hutuma fedha bila intaneti, na chaji yake hukaa kwa siku kadhaa. Sokoni na kwenye dirisha la forodha, hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Simu kubwa ibaki mfukoni hadi itakapohitajika kwa picha au barua pepe. Mwenye simu moja anaweza kuzima data na kuiwasha kwa saa maalumu.

Hatua ya nne ni kuipangia burudani saa yake. Baada ya mahesabu ya jioni kufungwa na chakula kuliwa, mtu anaweza kutazama kwa nusu saa huku ameweka kengele. Simu ichajiwe mbali na kitanda. Anayeitumia kama saa ya kumwamsha anaweza kuiweka upande wa pili wa chumba, na alfajiri italazimika kumsimamisha.

Hatua ya tano ni kuujaza muda wa kusubiri. Watu wengi hufungua video kwa sababu foleni ni ndefu. Lakini foleni ya mpakani ni shule ya bei. Aliyesimama mbele ametoka Kampala na aliye nyuma anakwenda Arusha, na kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake hajui: barabara ipi imeharibika, bidhaa ipi imeadimika, mnunuzi yupi halipi. Zamani mazungumzo hayo ndiyo yaliyowapatia watu wateja, wabia na hata wachumba. Leo watu 50 wanaweza kusimama mstari mmoja kwa saa mbili, wote wameinamisha vichwa, na hakuna aliyeondoka na jina la mwenzake. Ujirani unaozungumzwa katika mikataba hujengwa pia katika mistari kama hiyo.

Wajibu wa vikundi, kampuni na serikali

Mtu mmoja akipambana peke yake na mashine iliyobuniwa na wataalamu wengi, mara nyingi hushindwa. Vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya wanawake wafanyabiashara na kamati za masoko vina nguvu ya kusaidia. Vikundi vingi vina faini kwa wanaochelewa mkutanoni. Havitashindwa kukubaliana kwamba simu zikae kapuni wakati wa mkutano, au kwamba wanachama wataonyeshana muda wao wa wiki kama wanavyoonyeshana akiba. Aibu ndogo mbele ya wenzako imewasaidia wengi kulipa mikopo, na hapa pia inaweza kufaa. Halmashauri zinazojenga masoko ya mpakani nazo zitenge chumba cha kulelea watoto, ili mama asilazimike kuchagua kati ya mauzo na mtoto.

Kampuni za simu zina sehemu yao. Vifurushi vya mitandao ya kijamii na video hutangazwa kwa nguvu kuliko kitu kingine, na baadhi hutolewa kwa bei nafuu usiku wa manane, wakati mchuuzi anapaswa kuwa amelala. Kampuni hizo zinaweza kuandaa vifurushi vya wafanyabiashara, vyenye ujumbe, barua pepe na kurasa za forodha, vinavyofanya kazi pande zote za mpaka kwa bei moja.

Kwa serikali, uzoefu unaonyesha kwamba marufuku na kodi si dawa. India ilipiga marufuku TikTok mwezi Juni mwaka 2020, na watazamaji wakahamia kwenye programu nyingine zenye mtindo uleule. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii mwezi Julai mwaka 2018. Wengi walitafuta njia za kuikwepa, wafanyabiashara wadogo wakaumia, na mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya data.

Kinachowezekana ni kudai ubunifu wenye staha. Mwezi Agosti mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliifanya TikTok ikubali kuondoa kabisa barani humo mpango wa kuwapa watumiaji zawadi kwa kutazama video katika toleo lake la TikTok Lite, kwa hofu ya uraibu. Nchi za Ulaya zilifanikiwa kwa sababu zilizungumza kwa sauti moja. Bunge la Afrika Mashariki lililopo Arusha ni jukwaa linalofaa kwa sauti kama hiyo. Linaweza kutaka video zisijicheze zenyewe hadi mtumiaji aruhusu, vikomo vya muda viwekwe wazi, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Mkataba wa Jumuiya umetaka iendelezwe kuwa ya mawasiliano ya watu wote.

Serikali zina deni jingine. Mfanyabiashara hupekua video kutafuta habari za mpaka kwa sababu habari rasmi huchelewa, au hutolewa kwa lugha ya kisheria asiyoielewa. Mamlaka za mapato na vituo vya pamoja vya huduma mpakani zianzishe ujumbe mfupi wa maandishi kwa Kiswahili, unaofika hata kwenye kitochi, ukieleza mabadiliko ya ushuru, vibali vipya, bidhaa zilizozuiwa na hali ya foleni. Mfanyabiashara mwenye chanzo cha kuaminika hana haja ya kuchambua uvumi.

Hata hivyo, hakuna sababu ya kungoja Arusha iamue. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo ndiye wa kwanza kujikung'uta. Wiki hii inatosha kwa jaribio: kupima muda kwa siku sita, kuuandika kando ya mauzo, kisha wiki inayofuata kuupunguza kwa nusu na kulinganisha. Bando likidumu, usingizi ukirudi na wateja wakiongezeka, daftari litasema. Hapo kila mmoja atajua mwenyewe ni dakika ngapi za kicheko anazoweza kumudu, na ni zipi alizokuwa akizilipia kwa mtaji.